Darubini ipi ununue: ya macho mawili, ya lenzi au ya kioo?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliagiza darubini kupitia kwa mdogo wake aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake mwezi. Boksi lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na hadubini, ile ya maabara ya kutazamia damu na ngozi ya kitunguu. Hakuna aliyekosea hapo. Mwalimu alisema darubini, mdogo wake akanunua kile ambacho yeye amezoea kukiita darubini.

Neno hili tumelipata kutoka Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Wahindi wanasema durbin, Waturuki dürbün, na jamaa zetu wa Omani na nchi za Ghuba huita darbili ile ya macho mawili. Kwetu neno limepanuka. Ukienda kupima malaria unaweza kuambiwa damu inatazamwa kwa darubini. Nahodha akiomba apewe darubini anataka ya macho mawili. Mwalimu wa jiografia akiitaja ana maana ya bomba la kutazamia nyota. Na mtu akisema jambo limetazamwa kwa darubini, maana yake limechunguzwa kwa makini hata vidogo vyake vikaonekana. Vitabu vya shule vimejaribu kutenganisha, hadubini kwa vidogo vya karibu na darubini kwa vikubwa vya mbali, lakini mitaani bado zimechanganyika. Kwa hiyo ukiagiza usitaje jina peke yake. Sema unataka kuona nini.

Hapa nalinganisha tatu za kuonea mbali ambazo mtu wa kawaida anaweza kumiliki: ya macho mawili ya 10x50, ya lenzi ya milimita 70 inayosimama kwa miguu mitatu, na ya kioo ya milimita 150 yenye kitako cha mtindo wa Dobson. Hizo ndizo ninazoulizwa kila mara, na zote nimezitumia kwa miaka kadhaa, mjini na shambani.

Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

La kwanza ni upana wa lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 70 ina eneo mara 100 ya mboni hiyo, na kioo cha milimita 150 karibu mara 460. Nyota hafifu huonekana au hukosekana kwa sababu ya upana huo. Upana ndio pia unaoamua vitu vidogo vitatengana au vitabaki doa moja.

Nasisitiza hili kwa sababu maboksi mengi madukani yameandikwa kitu kingine kwa herufi kubwa: mara ngapi darubini inakuza. Darubini yangu ya kwanza, ya milimita 60, ilikuwa na maandishi "525x". Niliamini. Nilipoweka lenzi ndogo kabisa ya jicho, yaani ile unayotazamia, na kile kijibomba cha kuzidishia, mwezi uligeuka uji wa kijivu unaotetemeka. Hesabu ya kawaida ni kwamba darubini hubeba ukuzaji wa mara mbili kwa kila milimita ya upana wake, hapo tena katika usiku uliotulia. Ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Muuzaji anayekuuzia mara 525 anakuuzia namba, na linaniuma kwa sababu wanaoumia zaidi ni wazazi waliojinyima ili mtoto aone nyota, kisha mtoto akakata tamaa usiku wa kwanza.

La pili ni inavyosimama. Darubini ikikuza mara 70, mtikisiko wa mkono wako nao unakuzwa mara 70. La tatu ni inavyobebeka na inavyohifadhika, hasa kwa sisi wa pwani, maana kuvu hawaogopi bei. La nne ni mahali ulipo, na hili halipo kwenye maboksi kwa sababu maboksi yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani.

Karibu na ikweta mwezi na sayari hupanda juu sana. Dar es Salaam, Mshtarii au Zohali ikifika kilele haikosi kuwa nyuzi 55 hivi kutoka upeo, na mara nyingi huwa karibu kabisa na utosi. London kuna miaka Zohali hutambaa juu ya mapaa tu. Sisi tunaitazama kupitia hewa nyembamba, wao kupitia hewa nene inayochemka. Hiyo ni neema. Lakini kutazama utosini kuna adha yake, na kila aina ya darubini inaipokea kwa namna yake, kama utakavyoona.

Ya macho mawili, 10x50

Namba ya kwanza ni ukuzaji, mara 10. Ya pili ni upana wa kila lenzi ya mbele kwa milimita.

*Inaonyesha nini.* Eneo pana la anga kwa pamoja. Kilimia, ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima, kwa macho ni nyota sita au saba. Kwenye 10x50 ni mkufu uliomwagika, nyota kadhaa za samawati, zote ndani ya duara moja. Miezi minne ya Mshtarii huonekana kama vidoa vilivyopangana ukitulia vizuri, na Julai ukiwa Dodoma au popote penye giza, ule mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa unapita juu ya kichwa na kila unapoelekeza darubini unakuta mashada ya nyota. Pete za Zohali huzioni. Mara 10 hazitoshi, na usikubali kuambiwa vinginevyo.

Mchana nayo inafanya kazi zote: ndege, wanyama mbugani, dau lililo mbali, mpira uwanjani. Picha inakaa wima, kulia ni kulia.

*Kusimama.* Inasimama kwa mikono yako. Mara 10 ndio mwisho wa mikono ya watu wengi, hivyo zikitajwa 12 au 20 jua utahitaji stendi. Kutazama utosini ukiwa umesimama kunavunja shingo. Dawa yake ni mkeka: lala chali, egemeza viwiko kifuani, utaona mtikisiko unapungua. Nimewahi kuwalaza watoto saba kwenye mkeka mmoja, darubini ikawa inapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyelalamika.

*Kubeba na kutunza.* Karibu kilo moja, inaning'inia shingoni. Kuvu ndiyo adui yake, na ikiingia kwenye vioo vya ndani ni vigumu kuitoa. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Chumvi ya bahari ifute kwa kitambaa safi baada ya kuipuliza vumbi kwanza. Ukifuta na mchanga ukiwa juu, unapiga msasa.

*Dukani.* Hii ndiyo rahisi kuipima kabla ya kulipa, kwa hiyo ipime. Inyooshe mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga wa nje, tazama vile viduara vya mwanga kwenye lenzi za jicho. Vikiwa duara kamili, vizuri. Vikiwa na kona kama almasi, vioo vya ndani ni vya bei rahisi. Kisha tazama nguzo ya umeme ya mbali: ukiona nguzo mbili, au jicho likivutana, mabomba hayajalingana na hutaweza kuyarekebisha nyumbani. Lenzi zenye rangi nyekundu inayong'aa kama ya kito ziache. Za kuvuta, zinazobadili ukuzaji kwa kitufe, nazo ziache.

*Inamfaa* anayeanza na hajui kama ataipenda kazi hii, msafiri, mvuvi, mwongoza watalii, na mtu anayetaka kifaa kimoja kitumike mchana na usiku. Mwenye kiu ya kuona pete za Zohali hatatosheka nayo.

Ya lenzi, milimita 70

Hii ndiyo sura ambayo watu wengi huiona akilini wakisikia darubini: bomba refu jembamba juu ya miguu mitatu. Ndiyo ya kale pia. Mtengenezaji miwani Hans Lippershey wa Middelburg, Uholanzi, aliomba hataza yake mwaka 1608. Mwaka uliofuata Galileo akajitengenezea yake, na Januari 1610, akitumia ukuzaji wa mara 20 hivi, akaiona ile miezi minne ya Mshtarii. Darubini ya milimita 70 ya leo ni bora kuliko ya Galileo kwa kila kipimo.

*Inaonyesha nini.* Mwezi, kwanza kabisa. Utazame ukiwa nusu, si ukiwa mpevu, uelekeze pale mwanga unapokutana na giza. Mashimo yana kivuli ndani na kingo zake zinawaka, na baadhi ya vilele vimesimama peke yake gizani vikiwa vimeshapata jua. Zohali ni ndogo kama punje ya mtama, lakini punje yenye pete, na sijaona mtu aliyeiona mara ya kwanza asiinue uso kuangalia kama kuna picha imebandikwa mbele ya bomba. Mshtarii inaonyesha mikanda yake miwili ya kahawia. Zuhura inaonekana na umbo kama la mwezi, mara nusu, mara hilali. Vitu hafifu, kama galaksi, ni vivuli tu. Pembeni ya mwezi na Zuhura utaona ukingo wa zambarau, maana lenzi za kawaida haziwezi kuzikutanisha rangi zote mahali pamoja.

Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana, kwa namba ya lenzi ya jicho. Yenye milimita 700 ukiweka lenzi ya 25 unapata mara 28, ukiweka ya 10 unapata 70. Anza na 25 kila siku, ndiyo ya kutafutia.

*Kusimama.* Hapa ndipo inapoangushwa na watengenezaji. Miguu ya bati jembamba hutetemeka ukigusa tu kirekebishio, na unahesabu moja, mbili, tatu, nne kabla picha haijatulia. Usiivute miguu hadi mwisho. Kaa kwenye kigoda, na katikati ya miguu ning'iniza kidumu cha lita 5 kilichojaa maji. Tofauti utaiona papo hapo. Kwa vitu vya utosini bomba hugonga miguu, kwa hiyo subiri kitu kishuke kidogo au ukiwahi kabla hakijapanda.

Kuna jambo moja ningependa kila mnunuzi wa Afrika Mashariki alijue. Madukani kuna stendi iitwayo ya ikweta, yenye mhimili ulioinama na uzito wa kusawazisha. Mhimili huo unapaswa kulala sambamba na mhimili wa dunia. Kwa mtu wa Berlin unainuka zaidi ya nyuzi 50. Nairobi, iliyo kama nyuzi 1 kusini ya ikweta, unatakiwa ulale karibu chini kabisa, na stendi nyingi za bei ya chini hazifiki huko. Zikilazimishwa, uzito unagonga mguu. Maelekezo nayo yanakwambia uitafute Nyota ya Kaskazini, ambayo Nairobi hata Dar huioni. Chukua stendi ya kawaida, ya juu-chini na kushoto-kulia.

*Kubeba na kutunza.* Kilo chache, inaingia buti la gari au hata mgongoni. Haina cha kulinganisha mara kwa mara. Funika lenzi, weka pakavu, basi. Kwa matunzo hii ndiyo isiyo na makuu kuliko zote tatu.

*Inamfaa* anayeishi mjini kwenye taa, kwa sababu mwezi na sayari hazizuiwi na taa, mwenye roshani ndogo ghorofani, na mzazi anayetaka kifaa kinachoweza kugeuzwa kutazama milima mchana. Picha itakuwa imegeuka kulia na kushoto kwa kile kiwiko cha nyota, kipande kilichopinda kinachoshika lenzi ya jicho, ila kuna kiwiko kingine cha kunyoosha picha unachoweza kununua.

Ya kioo, milimita 150, kitako cha Dobson

Newton alitengeneza ya kwanza ya aina hii mwaka 1668, akitumia kioo kilichobonyea badala ya lenzi. Kitako chake ni habari mpya zaidi. John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa, aliishi San Francisco na miaka ya 1960 akawa anatengeneza darubini kubwa kwa mbao za plaiwudi na mabomba ya karatasi ngumu, anazipeleka kwenye kona za barabara ili apitaye yeyote atazame bure. Kitako ni sanduku tu linalozunguka chini na kuinamisha bomba juu. Hakina skrubu za ajabu. Fundi seremala mzuri wa mtaani kwako anaweza kukitengeneza akipewa vipimo. Kioo ndicho cha kuagiza.

*Inaonyesha nini.* Hapa anga inabadilika. Wingu la gesi la Orioni, Desemba hadi Machi, linatanda kama bawa, na katikati yake nyota nne zimebanana. Omega Centauri, shada kubwa la nyota ambalo kwenye macho mawili ni mpira wa pamba, hapa inapasuka kuwa vumbi la nyota, chembe moja moja hadi karibu na kiini. Nchi za kaskazini hawaioni kabisa au wanaiona ikigusa upeo. Sisi tunayo juu angani miezi ya Aprili hadi Juni. Kwenye Zohali, usiku mtulivu, pete inaonyesha mstari mweusi unaoigawa. Lakini usitegemee rangi za picha za Hubble, ile darubini iliyoko angani. Jicho gizani huona kijivu.

Eneo inaloonyesha ni dogo. Kilimia chote hakiingii. Na picha imepinduka juu chini, kwa hiyo haifai kutazamia wanyama wala bahari.

*Kusimama.* Imara sana, haitetemeki. Lakini unaifuata nyota kwa mkono. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa ukuzaji wa mara 120 kitu hukatiza duara chini ya dakika mbili, kwa hiyo unasukuma kidogo, unatazama, unasukuma. Utosini kusukuma huko ni kugumu, bomba linazunguka tu bila kwenda unakotaka. Subiri kitu kishuke nyuzi 10 au 15.

*Kubeba na kutunza.* Bomba ni mita moja na ushee, na vyote pamoja huzidi kilo 15. Bodaboda haibebi. Baada ya barabara ya makorongo vioo vinahama, lazima uvilinganishe kwa skrubu tatu za nyuma. Ni kazi ya dakika tano ukishaizoea, na usiku wa kwanza itakuchukua saa. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama ili kioo kipoe. Hewa ya chumvi hula ule utandu wa alumini, hivyo mkazi wa ufukweni aifunike kila mara. Vumbi dogo liache. Kila kufuta ni mkwaruzo.

*Inamfaa* mwenye ua, shamba au shule, mahali pa giza, na moyo wa kujifunza ramani ya anga. Wa ghorofa ya nne bila lifti ataitoa mara mbili tu mwaka mzima.

Kuna pia zile fupi nene zinazochanganya lenzi na kioo. Ni nzuri, hazichukui nafasi, lakini kwa bei yake unapata upana mdogo. Nazitaja kwa mwenye nafasi finyu na mfuko mpana.

Jua

Zote tatu zinapofusha zikielekezwa kwenye jua, mara moja na bila maumivu ya kukuonya. Kichujio salama hufungwa mbele, kwenye lenzi au mdomo wa bomba. Kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kinapasuka kwa joto. Ukikikuta ndani ya boksi kivunje ukitupe, mtoto asije kukitumia. Nalisema hili mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua kutakakopita kamili Misri, Saudia, Yemeni na Somalia, na sehemu ya Afrika Mashariki itaona kupatwa kwa kiasi.

Kwa hali yako

Kama pesa ni ndogo na hujui utaendelea au la, chukua ya macho mawili, na hata ukiendelea itabaki na kazi.

Kama mtoto amekuomba aone pete za Zohali na mnaishi mjini, chukua ya lenzi, ila pesa iliyobaki iweke kwenye stendi nzito badala ya lenzi za ziada.

Kama ni shule yenye uwanja na stoo kavu inayofungwa, ya kioo itahudumia darasa zima kwa miaka. Mpe mwalimu mmoja jukumu la kulinganisha vioo, na mwingine ajifunze pembeni yake, kwa sababu walimu huhamishwa.

Kama unavaa miwani, uliza dukani lenzi ya jicho inakuruhusu uso ukae umbali gani. Zipo ambazo ukivaa miwani unaona tundu dogo tu.

Kama unataka kuutafuta mwezi mwandamo, ya macho mawili ndiyo yako, kwa sababu hilali changa iko chini magharibi, nyembamba, na eneo pana hurahisisha kuikuta. Kisha shusha darubini ujaribu kwa macho matupu, maana kuhusu kukubalika kwa kuonekana kwa chombo kila mtu na amuulize sheikh wake. Subiri ukingo wa mwisho wa jua uzame kwanza ndipo uinue darubini.

Na kama ni mwanafunzi wa baiolojia uliyefika hadi hapa ukitafuta ya kutazamia seli, yako inaitwa hadubini. Liandike neno hilo kwenye karatasi ya kuagizia.